Nimehamisha saiba yote kwenda Mint, wateja wa kukaa wamepungua. Ni Linux au kuna kingine?

#1 SaibaKondele
Wakuu, salama. Nina saiba ndogo (duka la kompyuta na intaneti) hapa Kondele, Kisumu. Mashine ni zile za mezani za Ex-UK, i5 kizazi cha nne, RAM gigi nane, SSD nimezitia mwenyewe. Microsoft walipofunga Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 nilikataa kununua mashine nyingine wakati hizi hazijanikosea. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, zangu hazimo. Nikaweka Linux Mint 22.2, mfumo wa bure badala ya Windows, zote. Zinawaka haraka, virusi vya flashi vimenipa likizo, na ile mashine kujizima katikati ya kazi ya mteja eti inasasisha imeisha.

Sasa tatizo. Wa fotokopi wapo. Wa kuprinti wapo. Wa lamineshoni wapo. Wale wa "nipe mashine nusu saa niandike CV" ndio siwaoni. Mama watoto anasema nimewafukuza na hiyo Linux. Mimi naona kila wanachotaka kipo: eCitizen ya huduma za serikali inafunguka, HELB ya mikopo ya wanafunzi inafunguka, KUCCPS ya kuomba vyuo inafunguka, brauza ni ileile. Waliohamisha saiba au shule, mliyaona haya?

#2 FundiKaptembwo
Pole mkuu. Nakuru tumepita hapo. Shida ni fonti, hakuna kingine.

CV ya mtu imeandikwa kwenye Word kwa Calibri. Ikifunguliwa kwa LibreOffice (programu ya bure ya ofisi) na Calibri haipo, inachukua mbadala. Kama mbadala wake ni herufi pana, mistari inavunjika mapema, na kila kitu kinasukumwa chini. Jedwali la alama za KCSE linakatika katikati: Hisabati inabaki ukurasa wa kwanza, Kemia inaangukia wa pili peke yake na laini yake ya chini. Mteja hatakuuliza. Atalipa, atatoka, hutamwona tena.

Tia fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Carlito ina upana sawasawa na Calibri, Caladea na Cambria. Za Times New Roman na Arial unazo tayari, ni Liberation.

#3 DebeLaNjoro
Linux tena. Nimesikia "mwaka huu ndio mwaka wa Linux mezani" tangu niko Egerton, na sasa nina mvi.

#4 SaibaKondele
@FundiKaptembwo asante, nimezitia asubuhi hii. Lakini mkuu, hata anayeanza na ukurasa mtupu haji. Huyo fonti ya zamani inamhusu nini?

#5 Kiboko_ya_Virusi
Mnajitesa bure. Chukua Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kusakinishia, tengeneza flashi ya Windows 11, weka tiki pale pa kuruka TPM, ingiza, maliza. Nimefanya hivyo kwa mashine za watu wengi hapa Langalanga na wanaendelea na maisha.

#6 sudo_Kisii
@Kiboko_ya_Virusi inaingia, hakuna anayebisha. Ila Microsoft wenyewe wamesema mashine isiyotimiza masharti haihakikishiwi masasisho, na lile toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe. Utazunguka na flashi mashine moja moja. Tena kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, prosesa isiyo na SSE4.2 (seti ya amri za ndani) haiwaki kabisa. Kizazi cha nne kinayo, kwa hiyo yeye angepita. Zile Core 2 Duo za shule za kijijini ndizo kwaheri.

#7 NaivashaNet
Kuna njia ya tatu ambayo hamjaitaja. Microsoft wanauza mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama kwa dola 30, mpaka Oktoba 2026. Unaweza hata usilipe ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao.

#8 sudo_Kisii
@NaivashaNet hiyo ya dola 30 ni ya mtu wa nyumbani. Saiba ni biashara. Bei ya biashara ni dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, wa pili inakuwa maradufu, wa tatu maradufu tena, na hapo mlango unafungwa. Piga hesabu ya mashine kumi kisha uniambie ni kurasa ngapi za kuprinti.

#9 NaivashaNet
Sawa, nimenyamaza.

#10 MwalimuBungoma
Hamjambo. Nichangie kutoka upande wa shule. Maabara yetu ina kompyuta za msaada, nyingi za kizazi cha tatu na cha nne. Tuliweka Ubuntu 24.04, Linux nyingine, kwa kuwa masasisho yake yanafika Aprili 2029.

Watoto hawakuuliza neno. Gredi ya 4 walifungua Tux Paint, wakachora ng'ombe, kengele ikalia. Waliolalamika ni walimu. Tulikuwa na jedwali la alama lililotengenezwa na mwalimu aliyekwisha kuhamishwa, lenye makro (amri zinazojiendesha) za kupanga nafasi na kujaza fomu za ripoti. Kwenye LibreOffice lilifunguka vizuri, rangi zote mahali pake, ila ukibonyeza kitufe cha kupanga nafasi halifanyi kitu. Halitoi hata kosa. Mwalimu mmoja alikaa akibonyeza hadi chai ikapoa, kisha akatangaza mbele ya wote kwamba kompyuta zimeharibiwa.

Tumebakiza mashine moja ya Windows ofisini, haiunganishwi na mtandao, kazi yake ni jedwali hilo tu. Nadhani ndugu wa Kondele naye angebakiza mbili.

#11 DebeLaNjoro
@MwalimuBungoma kwa hiyo suluhisho la Linux ni Windows. Nimeelewa.

#12 MwalimuBungoma
@DebeLaNjoro suluhisho la makro ni kuiandika upya, na mwenye kuiandika yuko shule nyingine na hapokei simu.

#13 Nyar_Asembo
Nimefanya kazi ya saiba pale Kisumu mjini miaka, wakati ninyi wote bado mnalipa kwa dakika. Mzee wa Kondele, nikuulize jambo moja: uliwasha akaunti ya mgeni?

#14 SaibaKondele
@Nyar_Asembo ndiyo dada. Mint inayo kwenye mipangilio ya dirisha la kuingia. Mteja akitoka kila kitu kinafutika. Nilifikiri huo ni usafi.

#15 Nyar_Asembo
Basi hapo ndipo wateja wako walipo.

Mteja wa saiba hana laptopu, na flashi yake aliipoteza kwenye matatu. CV yake iko wapi? Iko kwenye mashine namba tatu, kwenye deskitopu, chini ya picha ya simba, ina jina lake na neno "MPYA", na kando yake kuna nyingine ya "MPYA KABISA". Kila tangazo la kazi likitoka anakuja, anauliza "namba tatu iko wazi?", anabadilisha tarehe na jina la kampuni, anaprinti, anaondoka. Kuna mtu nilimjua alingoja zaidi ya saa nzima mwenzake atoke namba tatu na namba tano ilikuwa tupu.

Wewe ulipofuta Windows ulifuta kabati zao. Kisha ukahakikisha kwamba hata wakiandika upya haibaki. Atarudi kufanya nini? Ataenda saiba nyingine aanze kuweka faili zake huko.

#16 FundiKaptembwo
@Nyar_Asembo sikuwa nimefikiria hilo. Lakini bado nasema fonti inachangia.

#17 Wakili_wa_Milimani
Jamani polepole. Kwenye hizo deskitopu hamna CV tu. Mna skani za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, PIN za KRA za kodi, barua za mkopo. Anayekaa baada yake anaona vyote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwenye saiba anashika data za watu hata kama hakukusudia. Akaunti ya mgeni inayojifuta ni ulinzi mzuri kuliko yote aliyofanya. Msimwambie aizime.

#18 Nyar_Asembo
@Wakili_wa_Milimani sijasema aizime. Nimesema wateja wako wapi. Hayo mawili ni tofauti, wakili anajua.

#19 Omera_Kernel
Kuna njia ya kati. Weka mashine moja nyuma ya kaunta iwe seva ya faili, kila mteja wa kawaida ana folda yake na paswadi yake. Samba, programu ya kushiriki faili kwenye mtandao wa ndani, inatosha, haihitaji mashine kubwa. Akaunti ya mgeni inaendelea kujifuta, faili zinakaa kwa seva.

#20 Nyar_Asembo
@Omera_Kernel atasahau paswadi. Kila siku utakuwa unabadilisha paswadi za watu. Nimekaa kaunta hiyo.

#21 Omera_Kernel
Ajitumie kwa imeli basi.

#22 Nyar_Asembo
Paswadi ya imeli ndiyo aliyoanza kusahau.

#23 IngweDamu
Mulembe wote. Mimi niko Kakamega, saiba yangu ina Windows 11 halali kabisa, mashine za kizazi cha nane, na wa kukaa wamepungua vilevile. Sijagusa Linux hata kwa ndoto. Kwa hiyo nawaambia ni simu.

Angalia vizuri alichosema #1: wa kuprinti hawajapungua. Zamani aliyetaka kuprinti alikaa kwanza akataipu. Siku hizi CV anaandikiwa na AI kwenye simu akiwa kitandani, anakutumia kwa WhatsApp, anakuja kuchukua karatasi. eCitizen anafanya kwa simu. Kinachomleta ni karatasi na stempu. Hata ungeweka dhahabu kwenye hizo mashine hatakaa.

#24 SaibaKondele
@IngweDamu hii inaniumiza zaidi kuliko ile ya Linux.

#25 GorSiKuGor
Ukiona shabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, anasema kitu cha maana andika tarehe.

#26 IngweDamu
@GorSiKuGor nenda kaoshe omena.

#27 FundiKaptembwo
@IngweDamu nakubali nusu. Lakini hiyo CV ya simu inakuja kama docx, si PDF, na Word mpya siku hizi inaanza na fonti ya Aptos, si Calibri. Carlito haisaidii huko. Kwa hiyo hata ya WhatsApp inaweza kukatika Kemia. Waambie wateja wakutumie PDF.

#28 sudo_Kisii
Fonti, fonti, fonti. Wewe ukiumwa na jino unatia Carlito.

#29 Mhudumu_zamani
Hakuna aliyeuliza kuhusu mhudumu. Nani anakaa kaunta? Nilipokuwa Webuye mwenye saiba aliweka Linux akaondoka, mimi niliyebaki sikujua kitu. Mteja akiuliza "Word iko wapi?" nilikuwa namwambia "hii mashine haina Word". Na kweli haina. Anaamka anaondoka. Ningejua kumwambia "bonyeza hapa, andika" angekaa. Hakuna aliyenifundisha kusema hivyo, nilipewa funguo na bei ya fotokopi.

#30 SaibaKondele
@Mhudumu_zamani kaunta anakaa mpwa wangu. Nitamsikiliza leo kimyakimya.

#31 DebeLaNjoro
Mpwa, Linux, na saiba. Ukipona na hayo yote fungua kanisa.

#32 MzeeWaCD
Vijana, mimi nilianza na Ubuntu ya bure ya posta. Unajaza fomu kwenye tovuti, unasahau, halafu siku moja karani wa posta anakuita una bahasha kutoka ng'ambo. Ndani kuna CD zenye picha ya watu walioshikana na stika juu. Hulipi hata senti. Zangu niligawa Nakuru mpaka stendi ya matatu, makanga mmoja alining'inizia yake kwenye kioo. Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, aliacha kuzituma 2013 hivi, na Linux ikafa mitaani siku hiyo. Mnahangaika na fonti, tatizo ni kwamba bando limechukua nafasi ya bahasha. Nani atapakua gigi tatu kwa simu?

#33 sudo_Kisii
@MzeeWaCD shikamoo mzee. Ni Aprili 2011 walipofunga ShipIt, huduma hiyo ya kutuma CD, si 2013.

#34 MzeeWaCD
Marahaba. 2011 basi. Bahasha ninayo bado.

#35 Eldoret_MRS
Linux haikufa mitaani wala wapi, iko kwenye seva ambazo hamzioni. Na programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, si Linux peke yake. Watu wa huku tunasahau kwamba mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, unaotumika nchi nyingi duniani, ulianza kufanya kazi Eldoret, kwa AMPATH, mpango wa afya, pale hospitali ya Moi Teaching and Referral, Februari 2006. KenyaEMR inayotumika kwenye vituo vyetu vya afya imejengwa juu ya OpenMRS hiyohiyo. Na DHIS2, ambako takwimu za afya za kaunti zote zinaingia, nayo ni huria, imetoka Chuo Kikuu cha Oslo, Kenya ilianza kuitumia nchi nzima 2011. Muuguzi wa Busia anatumia programu huria kila siku na hajawahi kuulizwa kama anapenda Linux.

#36 Omera_Kernel
@Eldoret_MRS kabla ya hapo kulikuwa na ule wa Mosoriot, 2001. Huo nao ulikuwa huria?

#37 Eldoret_MRS
@Omera_Kernel huo ulikaa kwenye Microsoft Access. Wagonjwa na vituo vilipoongezeka ndipo walipoandika upya kwa Java na MySQL. Kwa hiyo ukitaka hadithi ya mtu aliyehama kutoka Microsoft akafanikiwa, usiende mbali, panda matatu ya Eldoret.

#38 Kiboko_ya_Virusi
Walifanikiwa kwa sababu walikuwa na watengenezaji wa programu na pesa za wafadhili. Saiba ya Kondele ina mpwa. Hata Ujerumani wenye pesa walishindwa: Munich walihamia Linux, wakajisifu dunia nzima, 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows.

#39 Wakili_wa_Milimani
@Kiboko_ya_Virusi umeacha nusu ya pili. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, limehamisha ofisi zake kwenda LibreOffice, na Oktoba 2025 walimaliza kutoka Exchange na Outlook, barua pepe za Microsoft, kwenda Open-Xchange na Thunderbird zilizo huria, masanduku ya barua zaidi ya 40,000. Sababu yao si bei pekee. Hawataki barua za serikali zikae chini ya kampuni ya nchi nyingine inayoweza kuzima swichi.

#40 Kiboko_ya_Virusi
Subiri miaka kumi uone kama hawatarudi.

#41 Wakili_wa_Milimani
Nitakutumia Thunderbird.

#42 NaivashaNet
Mimi kinachonitia wasiwasi na hizi za bure ni nani anaziangalia. Mnakumbuka ile ya xz, programu ya kubana faili, 2024? Mtu amejifanya msaidizi mwema miaka miwili, akaaminiwa, akapenyeza mlango wa nyuma kwenye maktaba ya programu ambayo karibu kila Linux inaitumia.

#43 sudo_Kisii
@NaivashaNet na ilikamatwa vipi? Andres Freund aliona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo ni 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa hayajafika Linux ya Debian thabiti wala Ubuntu ya LTS, ile ya masasisho ya miaka mingi. Ingekuwa programu iliyofungwa nani angefungua ndani kuangalia kwa nini nusu sekunde?

#44 Kiboko_ya_Virusi
Malizia. Huyo Freund alikuwa ameajiriwa na nani?

#45 sudo_Kisii
Microsoft.

#46 Kiboko_ya_Virusi
Asante. Sina swali zaidi.

#47 DebeLaNjoro
Hii ndiyo posti bora ya uzi huu.

#48 Omera_Kernel
Lakini hebu tusipoteze jambo lenyewe alilosema @NaivashaNet. Aliyekuwa akiitunza xz alikuwa mtu mmoja, amechoka, hana mshahara wa kazi hiyo, na watu wanamsukuma kwa barua eti anachelewa. Huyo mwizi alikuja wakati huo akajitolea kumsaidia mzigo. Juzi tena Daniel Stenberg wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, ameamua kufunga zawadi za wanaoripoti mianya, mwisho wa Januari 2026, kwa sababu watu wanamtumia ripoti za uongo zilizoandikwa na AI ili wapate pesa. Curl iko karibu kila simu na kila seva. Sisi huku tunatumia tu na kulalamika kwamba Kemia imekatika. Ni wangapi humu wamewahi kuripoti hitilafu yoyote?

#49 FundiKaptembwo
Mimi nimeripoti moja ya LibreOffice.

#50 sudo_Kisii
Ya fonti?

#51 FundiKaptembwo
Ya fonti.

#52 SaibaKondele
Nimemsikiliza mpwa. Mteja wa kwanza amekuja, mama mmoja wa makamo, akauliza kama kuna mashine ya KRA. Kijana akamwambia, nanukuu, "ipo lakini hizi ni za Linux, sijui kama itakubali." Mama akasema atarudi kesho. Nimesimama nyuma ya mashine ya fotokopi nimeshika karatasi A4 na mdomo wazi.

#53 Mhudumu_zamani
Nilisema mimi.

#54 sudo_Kisii
@SaibaKondele na hiyo ya KRA inakubali. Mfanyakazi wa mshahara tu anajaza kwenye brauza moja kwa moja. Zile fomu za kupakua zilikuwa na toleo la ODS (faili ya LibreOffice) kando ya lile la Excel. Kwa hilo la ODS ingia LibreOffice, mipangilio, usalama, usalama wa makro, weka kiwango cha kati, funga, fungua tena, ukubali makro. Ukiiacha juu, kile kitufe cha kuhakiki kitakaa kimya kama cha @MwalimuBungoma.

#55 MwalimuBungoma
@sudo_Kisii yangu nimeijaribu hiyo. Makro za Excel za zamani ni jambo jingine, zile za ODS ziliandikwa kwa LibreOffice na OpenOffice.

#56 IngweDamu
Huyo mama mmoja hathibitishi kitu. Kwangu mhudumu anasema "karibu mama, keti" na mama haketi. Mimi nasimama na simu.

#57 Nyar_Asembo
Nami nasimama na namba tatu. @SaibaKondele ulifuta zile diski kabisa au uliweka SSD mpya?

#58 SaibaKondele
@Nyar_Asembo SSD mpya. Harddiski za zamani ziko kwa boksi chini ya kaunta.

#59 Nyar_Asembo
Basi CV za watu wa Kondele ziko kwa boksi. Bandika karatasi mlangoni: "Faili zako za zamani zipo, njoo na flashi." Wataingia, utawauzia na flashi.

#60 Wakili_wa_Milimani
Kabla ya kumpa mtu faili mwombe kitambulisho. Naomba.

#61 PrintaYaTanki
Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyegusa printa. Kwangu Mumias Linux ilipoingia, printa ya rangi ya tanki ilitoa picha za pasi zenye uso wa kijani. Draiva ya mtengenezaji ya Windows inarekebisha rangi, ile ya jumla inayokuja na CUPS, mfumo wa Linux wa kuprinti, haina profaili ya karatasi ya picha. Nyeusi na nyeupe zilikuwa sawa. Kama wa kuprinti hawajapungua Kondele, labda ni kwa sababu hawaprinti picha.

#62 Omera_Kernel
@PrintaYaTanki tafuta draiva ya Linux ya mtengenezaji, nyingi zipo kama deb. Na wote wenye CUPS: Septemba 2024 ilipatikana mianya kwenye cups-browsed. Huduma hiyo ilisikiliza mlango 631 wa UDP kutoka kwa yeyote. Sasisheni, na kwa saiba funga huo mlango kwenye faya-woli.

#63 SaibaKondele
Printa ni nyeusi na nyeupe. Ya rangi iliharibika kabla ya Linux, kwa hiyo hiyo haitaingia kwenye kesi. Karatasi ya @Nyar_Asembo naibandika kesho, mpwa naye nimemwandikia sentensi tatu za kusema. Mashine mbili nazirudisha Windows kwa ajili ya amani ya nyumbani.

#64 DebeLaNjoro
Suluhisho la Linux ni Windows, sehemu ya pili.

#65 IngweDamu
Ukibadilisha matatu kwa siku moja hutajua ni lipi lililofanya kazi. Badilisha moja, ungoje.

#66 SaibaKondele
@IngweDamu mwenye nyumba hangoji.

#67 Mgeni_Suneka
Samahani kwa kuingilia uzi. Nina laptopu ndogo ya zamani, zile za inchi kumi, imelala tangu zamani. Naweza kuweka Mint hii ya 22?

#68 sudo_Kisii
@Mgeni_Suneka prosesa gani? Kama ni Atom N270 ni ya biti 32 tu, na huko milango inafungwa. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, LMDE 7 (Mint iliyojengwa juu ya Debian) vilevile, na Firefox ya Linux ya biti 32 imebaki kwenye ESR 140, toleo la masasisho ya muda mrefu, peke yake, mpaka Septemba 2026. Utabaki na Debian 12 au antiX, Linux nyepesi. Kama ni N450 au N455, hiyo ni ya biti 64, una nafasi.

#69 Mgeni_Suneka
Chini imeandikwa N455. RAM ni gigi moja.

#70 sudo_Kisii
Basi sahau Mint, itakukasirisha. N455 inapokea mpaka gigi mbili, tafuta kipande cha gigi mbili cha DDR3 kwa fundi. Kisha Debian 13 na deskitopu nyepesi ya Xfce, au LXQt. Kutaipu itakubali. YouTube usijaribu.

#71 Mgeni_Suneka
Asante sana mkuu. Flashi ya kuwashia napata wapi? Bando la kupakua sina.

#72 MzeeWaCD
Mnaona sasa? Bahasha.

#73 sudo_Kisii
@Mgeni_Suneka niko Kisii mjini siku za soko, nitumie ujumbe wa siri. Nitakupa iliyo tayari, wewe lete flashi tupu ya gigi nane tubadilishane. Tupu kweli, si ile yenye video za harusi ya binamu yako.